Siku Tisa Alizozipoteza Mwatima

Kila siku alasiri, akishatoka chuo cha Kurani, Mwatima alipita nyumbani kwao Tunguu, akaweka juzuu yake rafuni, akala kilichopo, kisha akakimbia mpaka kituo cha matrekta. Watu walikiita kituo cha matrekta ingawa trekta lenyewe lilikuwa moja tu, jekundu, lililochujuka rangi ubavuni. Kulikuwa na banda la mabati, pipa la maji, meza ya spana, na matope ya kutosha kila mtu.

Kazi aliyokwenda kuifanya hakutumwa na mtu. Baba yake, Bwana Masoud, ndiye aliyekuwa dereva, na akirudi na trekta kutoka bonde la Cheju, Mwatima alichota maji kwa ndoo, akachukua kipande cha kumbi la nazi na kuanza kusugua. Alisugua magurudumu, akasugua ngazi, akasugua hata mahali ambapo matope hayamdhuru mtu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na mikono yake haikuwa na nguvu nyingi, lakini alikuwa na sababu.

Sababu ilikuwa mama yake. Bi Shemsa alikuwa Mkoani, Pemba, akimuuguza mama yake mzazi aliyepooza upande mmoja. Aliondoka akisema anakwenda wiki tatu. Wiki tatu zikawa miezi saba. Nyumbani walibaki Mwatima, baba yake, na shangazi yake, Bi Kazija, ambaye alipika vizuri na kusuka nywele vizuri zaidi, pengine kuliko Bi Shemsa mwenyewe. Na hilo ndilo lililomuumiza Mwatima. Kila akisukwa alitamani mistari itoke kombo kidogo, kama ile ya mama.

Barua zilikuja, lakini barua haimshiki mtu kichwa. Siku moja, baada ya kumwona mwanawe amekaa barazani na barua ile ile ya mwezi uliopita, Bwana Masoud alimwambia, "Sikiliza, mwanangu. Tukimaliza kulima Cheju, ntapewa ruhusa ya siku kumi na nne kabla ya kwenda bonde jingine. Tutapanda meli, mimi na wewe. Siku kumi na nne zote utakaa kwa mama yako."

Tangu siku hiyo Mwatima aliacha kuhesabu siku, akawa anahesabu makonde yaliyobaki kulimwa.

"Leo mangapi, baba?"

"Matatu."

"Yamebaki?"

"Arubaini na moja. Na wewe umenipita mimi kwa haraka."

Si Mwatima peke yake aliyekuwa na haraka. Mwaka huo wa 1969 mchele ulikuwa wa shida, na watu wa Cheju walitaka mashamba yao yalimwe kabla ya masika. Kila asubuhi wakulima walisimama kando ya njia wakisikiliza kama trekta linakuja.

Alhamisi moja, makonde yakiwa yamebaki ishirini na sita, Mwatima alipanda nyuma ya kiti cha dereva ili kusafisha mgongo wa trekta. Katikati ya chuma akaona tundu dogo, upana wake kama wa kidole gumba. Kifuniko chake cha bati kilikuwa kimeanguka. Maji ya matope yalikuwa yanatiririka kuelekea pale pale.

"Ala! Hili likiingia matope, trekta litaugua," alijisemea.

Kwao, chupa ya mafuta ya nazi isiyokuwa na kizibo ilizibwa kwa kumbi. Shangazi alifanya hivyo kila siku. Basi Mwatima akachana kipande cha lile kumbi alilokuwa akisugulia, akalisokota, akalitia tunduni na kulikandamiza kwa kidole mpaka likakaa sawasawa na chuma. Juu yake matope yakakauka. Akateremka amefurahi. Hakumwambia mtu, kwa sababu hakuona kama kuna la kusema. Nani huenda kutangaza kuwa ameziba chupa?

Jumamosi Bwana Masoud alirudi mapema, uso umemkunjamana. Alizima trekta mbele ya banda, akainama kwenye gurudumu la nyuma la kulia. Upande wa ndani ulikuwa mweusi, na michirizi mizito ilikuwa inashuka mpaka kwenye tairi.

"Hapana kulima leo," alisema.

Msaidizi wake, Mzee Simai, alikuja akijipangusa mikono. Alikuwa fundi wa siku nyingi, mfupi, mcheshi, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Yeye ndiye aliyemfundisha Masoud kushika spana.

"Shikamoo, Mzee Simai," alisema Mwatima.

"Marahaba, bibi mkubwa wa kuosha. Leo umelisugua mpaka umelitoboa, nini?"

Mwatima alicheka, lakini baba yake hakucheka. Alichukua tone la yale mafuta kwa kidole, akanusa. "Oili ya gia hii," alisema. Kisha akapima kiasi cha oili iliyomo ndani, akaona haikuzidi. Akapangusa sehemu yote kwa kitambaa, akarushia majivu makavu ya jikoni, akazunguka na trekta mara kadhaa. Aliporudi, majivu yalikuwa yamelowa mahali pamoja tu, pale ekseli inapotokeza kwenda kwenye gurudumu.

"Hebu njoo utazame, Mwatima," alisema. "Ndani humu mna oili nzito ya kulainisha gia. Hii ekseli inatoka ndani kuja kuzungusha gurudumu. Pale inapotokea pana pete ya mpira, tunaiita sili. Inaibana ekseli ili oili isitoke. Sili ikichoka, oili inapita, inaingia kwenye breki. Na trekta lisiloshika breki, shambani penye watoto, litaua mtu."

"Litachukua siku ngapi kupona?"

"Kesho litakuwa zima," alijibu Mzee Simai. "Stoo ipo sili moja mpya."

Jumapili waliweka magogo mbele ya magurudumu, wakainua kwa jeki, wakafungua gurudumu na kuivuta ekseli nje. Mzee Simai aliing'oa sili kuukuu, akaipapasa ekseli kwa ncha za vidole ili kujua kama imelika. Haikulika. Akaipaka sili mpya grisi, akaweka kipande cha mti juu yake na kuigonga, kidogo huku, kidogo kule.

"Sili haipigwi," alimwambia Mwatima. "Inabembelezwa, kama mtoto asiyetaka kwenda skuli."

Jumatatu asubuhi trekta lilikwenda Cheju. Gurudumu lilikuwa kavu. Adhuhuri, jua lilipokuwa kali na trekta limeshapata moto, oili ilitoka tena, safari hii zaidi ya mwanzo.

Mwatima alipofika kituoni alasiri, alimkuta msimamizi, Bwana Kificho, amesimama mikono nyuma.

"Nani kaitia sili hii?"

"Mimi," alisema Mzee Simai.

"Umeitia upande. Macho yako yamekwisha, mzee. Tulikuwa na sili moja tu, na umeiharibu. Watu wa Cheju ntawaambia nini?"

"Bwana Kificho," Bwana Masoud aliingia kati, "niliitazama mwenyewe. Ilikaa sawa."

"Ilikaa sawa na inavuja? Basi niambie wewe, inavuja kwa nini?"

Bwana Masoud aliinama kulitazama tena gurudumu.

"Basi. Kutoka leo Mzee Simai asishike spana. Akae langoni alinde."

Mzee Simai aliiweka spana mezani. Alikwenda kwenye pipa, akaosha mikono muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mwatima akamfuata. Alimkuta amenyanyua vidole vyake kwenye mwanga, anavigeuza.

"Miaka thelathini," alisema yule mzee. "Sijapata kutia sili upande. Au pengine kweli, mwanangu. Pengine nnadhani naona, kumbe sioni."

Mwatima alimwonea huruma, akatafuta la kumwambia. "Lakini Mzee Simai, asubuhi haikuvuja hata kidogo. Mbona mchana ndio inavuja?"

"Hilo ndilo linalonishangaza. Mashine ikipata moto, hewa ya ndani inatanuka. Lakini trekta lina tundu lake la kupumulia, kule nyuma ya kiti. Hewa ya moto inatoka pale. Pasingekuwa na tundu lile, hewa ingeisukuma oili nje kwa nguvu, na hapana sili duniani ingestahimili. Lakini lipo wazi. Mwezi uliopita nililisafisha kwa mkono wangu."

Mwatima aligeuka akalitazama trekta, kule nyuma ya kiti.

Alirudi nyumbani polepole. Njia nzima alikuwa akijitetea moyoni, kwamba hakukusudia, kwamba alitaka kusaidia. Lakini palepale alimwona Mzee Simai na vidole vyake kwenye mwanga. Kisha akaiona meli. Baba akijua kwamba ni yeye aliyechelewesha kazi, si atakwenda Pemba peke yake? Miezi saba amengoja. Angeweza kulikosa jambo lolote duniani, lakini si hilo. Jioni ile alikisukuma chakula.

"Una nini?" aliuliza Bi Kazija.

"Tumbo."

Shangazi akamchemshia mchaichai, akamkalia karibu mpaka akaumaliza. Wema ule ulimchoma kuliko kama angepigwa.

Asubuhi ya Jumanne, kabla ya skuli, Mwatima alikuwa keshapata rai. Atalitoa lile kumbi kwa siri. Tundu litakuwa wazi, oili itaacha kuvuja, na hapatakuwa na mkosa. Mzee Simai atarudishiwa spana yake, na yeye Mwatima ataipanda meli. Aliona ni rai nzuri sana, kama zinavyokuwa rai zote za mtu mwenye hofu.

Alipanda nyuma ya kiti na kijiti mkononi, akayakwangua matope, akachokoa. Kumbi lilikuwa limeshalowa oili, linateleza. Akachokoa tena kwa nguvu. Badala ya kupanda, kumbi likashuka. Alipochungulia, aliona nyuzi chache tu, chini, karibu na giza la gia.

"Mwatima!" Alikuwa baba yake, anatokea nyuma ya banda.

"Labeka!"

"Unafanya nini huko saa hizi? Teremka, nnataka kuwasha injini niisikilize."

Mkono wa baba ulikuwa umeshashika usukani. Mwatima alijua kwamba akinyamaza, injini itawaka, gia zitazunguka, na lile kumbi litaangukia ndani. Hapo halitakuwa suala la sili tena. Hapatakuwa na trekta Cheju, wala mpunga, wala meli. Hata hivyo neno lilikuwa zito kutoka.

"Baba, usiwashe!"

"Kwa nini?"

"Nimeliziba tundu la kupumulia. Kwa kumbi. Ni mimi, baba. Si Mzee Simai." Akaanza kulia, na huku analia akaeleza yote, tangu matope ya Alhamisi mpaka kijiti alichokuwa nacho mkononi.

Bwana Masoud hakumpiga wala hakumkaripia. Alipanda, akachungulia tunduni, akashuka. Alichukua waya wa gurudumu la baiskeli, akaupinda ncha kama ndoana, akapanda tena. Ilimchukua muda mrefu. Mwishowe aliuvuta waya taratibu, na kumbi likatoka zima, jeusi, linachuruzika oili.

"Ulijua lini kwamba hili ndilo lililoharibu?" aliuliza.

"Jana alasiri."

"Jana alasiri. Basi Mzee Simai amelala na maneno ya Kificho kifuani mwake, na wewe dawa yake unayo. Kuziba tundu ni ujinga, na mjinga hakaripiwi, anafundishwa. Lakini kunyamaza?" Hakumaliza. "Leo skuli utachelewa. Nenda kaoshe uso, twende."

Walimkuta Mzee Simai langoni, amekaa juu ya kigoda. Bwana Kificho naye alikuwepo, pamoja na wakulima watatu waliokuja kuuliza habari za trekta. Mwatima alitamani wale wakulima wasingekuwepo, lakini baba yake alisimama pembeni, akamwachia uwanja. Akasema yote mbele yao.

Mzee Simai aliviangalia vidole vyake, kisha akavikunja kimoja kimoja. "Alhamdulillahi," alisema kwa sauti ndogo. "Bado nnaona."

Bwana Kificho alikohoa. Alitazama viatu vyake, akatazama lango. "Mzee Simai," alisema, "nimekukosea mbele za watu, na nnakuomba radhi mbele za watu. Sili uliitia sawasawa. Kashike spana yako."

Lakini kazi haikwisha hapo. Walipoifungua ekseli, waliona ile sili mpya ilikuwa imesukumwa mpaka ukingo wake wa mpira umepinduka na kuchanika. Stoo hapakuwa na nyingine, na ya kuagizwa ingefika Mungu anajua lini.

"Zamani sili zilikuwa za ngozi," alisema Mzee Simai. "Gamba la chuma la sili hii ni zima, na springi yake ni nzima. Tukipata mtu wa kukata ngozi vizuri, tutaishi. Mjini yupo Zahor, mshona makubadhi."

Jumatano Bwana Masoud alikwenda mjini na Mwatima. Duka la Zahor lilikuwa katika kichochoro kilichopinda mara tatu baada ya Darajani, na harufu ya ngozi ilimfikia mtu kabla ya kuuona mlango. Zahor alikuwa mtu mwembamba, aliyezungukwa na makubadhi ya kila namna. Alilipokea lile gamba la sili akaligeuza.

"Kiatu cha nani hiki?"

"Cha trekta," alijibu Mwatima kabla ya baba yake.

"La haula! Miaka yote nashona, sijapata mteja asiyekuwa na vidole." Lakini alipoelezwa, alipima kwa uzi mara tatu, akachagua ngozi ya ng'ombe iliyo laini na nene kwa pamoja. Akaikata duara, akailowesha maji ya moto, akaivisha kwenye gogo lililochongwa kwa kipimo cha ekseli mpaka ikakaa mfano wa bakuli dogo lisilo na kitako. Ilipokauka, siku ya pili, aliizamisha katika shahamu iliyoyeyushwa. "Iache ishibe," alisema. "Ngozi yenye njaa hunywa oili yenu."

Ijumaa asubuhi Mzee Simai aliitia ngozi katika gamba la chuma, akairudisha springi, akaibembeleza mahali pake. Bwana Masoud naye alitengeneza kifuniko kipya cha tundu, kwa bati lililotobolewatobolewa, kinachozuia matope na kuruhusu hewa. Walirusha majivu. Jumamosi trekta lililima mpaka adhuhuri, likapata moto, likapita katika matope ya magotini. Mwatima alipoinama kutazama, majivu yalikuwa makavu.

Wakulima wa Cheju walipiga vigelegele kama harusini. Mwatima hakupiga. Alikuwa anahesabu. Siku saba za kulima zilikuwa zimepotea, na kabla hawajamaliza ikanyesha mvua ya kwanza, zikapotea mbili nyingine. Bonde la pili lilikuwa na tarehe yake, haisogei. Siku kumi na nne za ruhusa zikawa tano.

"Tutakwenda?" alimwuliza baba yake, na sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo kuliko umri wake.

"Tutakwenda. Lakini sikumwandikia mama yako sababu ya kuchelewa. Utamwambia mwenyewe."

Melini Mwatima hakulala. Alipanga maneno, akayapangua. Alipomwona mama yake gatini Mkoani, amekonda, amejifunga kanga asiyoijua, maneno yote yalimtoka. Alimkimbilia, akamkumbatia kiunoni, akasema uso umezama nguoni, "Mama, siku zetu zilikuwa kumi na nne. Tisa nimezipoteza mimi."

Akaeleza. Bi Shemsa alimsikiliza bila kumkatiza, mkono wake juu ya kichwa cha mwanawe. Alipomaliza, mama alimwinua uso.

"Siku tisa ni nyingi," alisema. "Sitakudanganya, Mwatima. Kila meli ikija nilikuja hapa, na kila mara nilirudi peke yangu. Zimeniuma."

Mwatima akazidi kulia.

"Lakini sikiliza. Ungenyamaza, hata kama ungekuja na siku zako zote, yule mzee angebaki langoni kwa kosa lako. Ningekushika hivi hivi, na kumbe niliyemshika ni nusu ya mwanangu, nusu nyingine imejificha. Kosa ukilisema mapema, linakula siku. Ukilificha, linakula mtu. Nnataka siku tano na mwanangu mzima."

Alimfuta machozi kwa ncha ya kanga, akampapasa kichwani.

"Nani kakusuka vizuri hivi?"

"Shangazi."

"Basi zifumue. Nikishamlisha bibi yako, ntakusuka mimi."